Shuka la Damu ya Mzee

Kwenye khitma ya Mhandisi Naufal nilipewa juzuu ya kumi na nane, nikaisoma yote, sikuruka hata aya moja. Asije mtu akasema Rukia alikwenda kula mkate wa watu bure. Sisi wanawake tulikaa ghorofani, nyumbani kwake Malindi, hapa hapa Unguja, madirisha wazi kwa joto, na makelele ya makuli wa bandarini yakitupandia kana kwamba hakufa mtu. Dua ilipokwisha, mjane wake, Bi Sharifa, aliyekuwa kajikunyata pembeni na kanga kuukuu, akasema kwa sauti ndogo: "Jamani, mwenye neno na marehemu amsamehe. Binadamu hakosi kukosa." Wote wakaitikia: "Tumemsamehe, Mungu amsamehe." Mie nikanyamaza. Nikachukua kikombe changu cha kahawa, nikanywa. Bi Sharifa alikuwa akinitazama midomo, na aliona kwamba haikutikisika.

Watu husema maiti hasemwi. Haya, mie namsema. Nakaribia hamsini, nna presha, nna miwani ya kusomea na miwani ya kuitafutia ile ya kusomea, na bado mwaka ule mmoja naukumbuka kuliko nilichokula jana. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na kazi yangu ilikuwa kuunga nailoni kwa pasi. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya ghala, hapo hapo Malindi, chenye meza mbili ndefu, mizani ya duka, madumu ya maji na feni iliyozunguka ikitaka. Naufal alikuwa karudi masomoni ng'ambo ya bahari na cheti cha uhandisi wa vifaa vya tiba, na wafadhili walikuwa wamempa chumba kile atengeneze vitu vya kuwasaidia wanawake wanaojifungua. Alikuwa mtu wa adabu. Alikunywa chai bila sukari, akafuta meza mwenyewe, na mie, mtoto kwake, akaniita Bi Rukia. Nayasema haya msije mkadhani nilimchukia tangu mwanzo. Nilimpenda mno, kama unavyompenda mtu wa kwanza kukwambia kwamba una akili.

Kazi ilikuwa hii. Mwanamke akishajifungua, damu hutoka. Kutoka si ajabu, hatari ni kuzidi. Na kule kuzidi hakuna anayekuona, maana damu hunywewa na godoro na vitambaa, na huku wanawake wenzake wanafanya hima waondoe kilichochafuka kabla mama mkwe hajaingia. Kwetu sisi mzazi husitiriwa. Kinacholowa hukunjwa, hutiwa kwenye beseni, kikatandikwa kingine kikavu, na kila anayeingia hukuta pasafi, udi unafuka. Basi mtu anaweza kufa juu ya shuka safi, na wote walio chumbani wakasema wallahi hatukuona kitu. Naufal alitaka tuunde kitu cha kuipima damu hiyo pale pale kitandani, kwa bei ya kanga moja, kisichotaka umeme wala msomi. Alikuwa amechora michoro mingi ya mipira na mirija. Hakuna hata mmoja uliofanya kazi.

Jibu lililetwa na Zuwena. Zuwena alikuwa rafiki yangu wa Bwejuu, mkulima wa mwani, na kila Jumatano alikuja mjini kuuza sabuni za mwani akalala kwangu mtaa wa Ng'ambo, kwenye chumba changu kimoja chenye kitanda kimoja na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Tulipika muhogo wa nazi kwenye jiko la mafuta ya taa, tukala na samaki wa chumvi huku tukiwasikiliza jirani na mumewe wakigombana kuhusu mke mwenza ambaye hata hakuwapo. Zuwena alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kucheka kwake kulikuwa kwa tumbo zima. Nikamweleza shida yetu. Akaniangalia kama mtu anayeangalia punguani. "We Rukia! Watu wazima wote hao hamjui? Bibi yangu anapima siku zote." Bibi yake alikuwa Bi Tatu, mkunga wa jadi. Bi Tatu, alisema Zuwena, humtandikia mzazi kanga kuukuu iliyokwisha pauka. Ya kwanza ikilowa, humtazama mtu usoni. Ya pili ikilowa hatazami tena, anaita gari. "Na kwa nini kanga iliyopauka?" nikamuuliza. "Ati kwa nini! Kanga mpya ina rangi na maua. Utaona nini kwenye maua?"

Asubuhi yake nilipita Darajani nikanunua nailoni nyeupe ile inayoonyesha, ya kufunikia meza. Nikaikata, nikaikunja, nikaiunga kwa pasi ya mkaa juu ya karatasi, nikaungua vidole viwili. Ilitoka kama shuka dogo la kulaliwa, upande wa miguu likawa na mfuko unaoning'inia nje ya kitanda, damu yote iteremkie humo. Zuwena alilala juu ya meza ya karakana na tumbo lake ili nimkadirie, akicheka. "Nimekuwa samaki wa kufungiwa mtu." Ni yeye pia aliyesema tuache namba. "Wakunga wa kwetu wengine macho yamekwisha. Tia mstari wa njano, na juu yake mwekundu. Wa njano, mtazame. Mwekundu, mkimbize." Tulijaribu kwa choya, yale maua mekundu ya juisi, iliyochemshwa na kukorogwa na wanga, maana damu ni nzito kuliko maji, mpaka chumba kizima kikanuka juisi. Naufal alipoona damu ile ya choya ikipanda mstari kwa mstari, yaonekana kama chai ndani ya gilasi, alikaa kitako. "Bi Rukia," alisema, "hii ndiyo."

Tulitengeneza tisa. Tukayapeleka kwenye kituo kimoja cha afya upande wa kusini, kwa mkunga kijana aliyeitwa Nesi Asha, na mwezi haukwisha akatuletea habari kwamba mama mmoja alifika mstari mwekundu kimya kimya, hana hata kilio, wakamtia garini, akarudi kwake na mwanawe. Siku ile Naufal aliagiza sambusa kwa wote. Wiki iliyofuata bango kubwa likabandikwa ukutani: Mbunifu, Mhandisi Naufal. Chini kabisa, kwa herufi za kutazamwa na sisimizi, mie nilikuwa msaidizi wa karakana. Zuwena hakuwapo kabisa. Nilimeza. Nilijiambia jina haliliwi, na kwamba mwanamke wa watu yu hai.

Kisha wafadhili wakataka yaulizwe maoni ya wanawake wenyewe. Tukaenda Bwejuu, Naufal na mie na daftari langu, tukakaribishwa kwa chai na mkate wa kumimina kwenye baraza ya Bi Tatu. Wanawake kumi na kitu, wamejitanda, wameinamisha macho. Naufal akawauliza kama wanalipenda shuka. Mgeni mwanamme kaja na karatasi anauliza habari za damu ya uzazi, nani atamjibu? Mwisho mmoja akasema, "Ni zuri, bwana, lakini damu ya mwanamke haiwekwi hadharani. Na mama mkwe akiingia?" Wenzake wakaguna, naam, kweli. Naufal akauliza: je, likitiwa rangi? Wote wakasema litiwe, litiwe rangi nzuri. Mtu akikuuliza hivyo barazani kwako na chai iko mbele yake, utasema lisitiwe? Nikaandika daftarini: wanataka rangi ya kusitiri. Mkono huu huu. Bi Tatu alikuwa kakaa mlangoni anachagua mchele, akanyanyua kichwa. "Mnamsitiri nani," akauliza, "mzazi au damu?" Naufal akacheka kwa adabu akasema bibi mtani kweli. Mie nikafunga daftari.

Nailoni mpya ilifika imeviringwa, rangi ya damu ya mzee. Nilikwenda ofisini kwake, ambayo ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikamwambia: "Mhandisi, humu damu haitaonekana." Akasema mistari itaonekana. Nikamwambia mistari itaonekana, lakini damu imefika mstari upi haitaonekana, nyeusi juu ya nyeusi, na vyumba vya uzazi vina mapazia. Akanitazama kwa upole, ule upole wa mtu ambaye bango lake limeshachapishwa. "Bi Rukia, wanawake wenyewe wamesema. Na wewe umeandika mwenyewe." Nikarudi mezani kwangu. Ningeweza kuitupa pasi dirishani, nikaenda zangu. Sikuitupa. Niliunga arobaini, na yale tisa meupe yakarudishwa karakana yakatiwa sandukuni.

Zuwena alijifungua adhuhuri, siku za maji mafu, ambapo wakulima wa mwani hawaendi pwani. Mie nilikuwa mjini. Nimesimuliwa na Nesi Asha mwenyewe, kapiga magoti mbele yangu msibani, kanishika miguu ingawa nilimwambia aniache. Mtoto alitoka salama, wa kike. Pazia lilikuwa limeshushwa, kwa sitara. Chini ya Zuwena kulikuwa na shuka jipya, na Asha aliuchungulia mfuko mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akaona giza tu na mistari miwili mizuri, na kwenye semina alikuwa kaambiwa asihangaike na kanga tena, angoje mstari. Zuwena akasema, "Asha, mbona naona baridi?" Hapo Asha akautia mkono mfuko kwa chini, akausikia uzito wake. Gari lilipofika msitu wa Jozani Zuwena alikuwa akisema. Lilipofika Tunguu alikuwa hasemi tena. Siku ya tatu, baada ya watu kula, Bi Tatu aliniita chumbani akafungua kasha, akatoa kitu kilichofuliwa na kukunjwa vizuri kama nguo ya sikukuu. "Chukua kitu chenu," aliniambia. Hakunitukana. Ningefurahi laiti angenitukana.

Nilirudi kazini siku ya nne. Naufal alinipa pole, akaniambia nipumzike, akaniagizia hata supu. Nikasema kumbe huyu bwana ana moyo. Alasiri ile ile nikamsikia kupitia mbao akizungumza kwenye simu: "Hapana, hapana, kifaa hakina tatizo. Ni kosa la mtumiaji. Mkunga mwenyewe hakuwa makini. Tumeshaandika." Na kweli walikuwa wameshaandika. Nesi Asha akaondolewa wodini akawekwa stoo kuhesabu makopo ya dawa. Nilikuwa nimeshika pasi, na nakumbuka niliiweka chini taratibu sana, kwenye kigae chake, isije ikaunguza meza. Watu wanadhani hasira ni kupiga kelele. Hasira yangu mie ilinifundisha adabu. Kuanzia siku ile niliwahi kazini kuliko wote, nilimtilia chai yake bila sukari, nilimwitikia "Naam, Mhandisi" kabla hajamaliza kuniita. Mama mmoja mfagiaji akanisifu, akasema subira yavuta heri. Nikamwambia inshallah. Aliye juu mngoje chini, na mie nilikuwa nangoja chini, na shuka la Zuwena nimelilaza chini ya godoro langu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kuwaonyesha wageni. Ukumbi ulikuwa kwenye jumba moja la zamani Mji Mkongwe, wafadhili wamekaa mbele, wakubwa wa afya, waandishi na kamera zao, na mwisho kabisa, kwa mwaliko wangu, Nesi Asha. Mie nilipewa kazi ya kutayarisha choya na kuimimina Naufal atakaposema mimina. Alisimama na suti, akaeleza kwa uzuri, Mungu amsamehe yeye anayeweza kumsamehe, maana alijua kusema. Akaonyesha picha kwa projekta, na kwa ajili ya picha madirisha yalikuwa yamefungwa na mapazia kushushwa. Zilipokwisha picha, mtu alisimama kwenda kufungua. "Acheni," nikasema, "ndivyo chumba cha mzazi kinavyokuwa." Wageni wakatikisa vichwa, wakalipenda neno lile. Naufal naye akatabasamu. Nikalitandika mezani shuka la Zuwena, nikamimina kutoka kwenye debe, nikamimina, nikamimina, choya na wanga ikiteremka mfukoni bila sauti.

"Mhandisi," nikamwambia, "mzazi ndiyo huyu. Tusomee, tuite gari au tusiite?" Aliinama. Akasogea upande huu, akasogea upande ule. Akavaa miwani. Nilimwona shingoni jasho linaanza. "Haijafika wa njano," akasema. "Una hakika?" "Nina hakika. Kiasi nusu lita, hata haifiki." Nikachukua gilasi mbili kubwa za kupimia, za karakana yetu wenyewe, nikaukata mfuko kwa mkasi mbele ya watu. Ya kwanza ikajaa, lita nzima. Nikaanza ya pili. "Huyu mzazi wako keshakufa, Mhandisi," nikasema. "Anaitwa Zuwena, wa Bwejuu. Shuka hili ni lake, ndilo alilolalia. Umesoma wewe mwenyewe, mwenye cheti, mwenye miwani, na umesema asiitiwe gari. Sasa niambie kosa la mtumiaji liko wapi." Akanitazama, wala si kwa hasira, alinitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Nami nikaona raha. Sitaki kuwadanganya, niliona raha mpaka kwenye kucha, ile raha ya kunywa maji baada ya kufunga. Nyuma ya ukumbi Nesi Asha alikuwa analia kwa sauti, na sikumhurumia Naufal hata chembe.

Asha alirudishwa wodini. Hilo nililipata, na kila ninapokutana naye hunikumbatia njiani. Naufal alihama, akaishi Dar miaka mingi, akarudi mzee na maradhi. Lakini wafadhili nao waliondoka, kwani walikuja kutafuta picha nzuri na mie niliwapa mbaya. Karakana ikafungwa kwa kufuli. Nilikwenda kwa kila mkubwa niliyemjua kuwaambia yapo mengine, meupe, yanaonyesha, yameshaokoa mtu. Jibu likawa moja tu: "Ni yale yale yaliyomuua mtu? Hatuyataki." Nani aliwaambia yanaua? Mie. Sikusema pale ukumbini kwamba kosa ni rangi. Nilikuwa na nafasi ya kulisema, sentensi moja tu, nikaipoteza kwenye utamu wa jina lake kuchafuka. Sanduku la yale tisa sijui lilitupwa wapi. Miaka kwa miaka wakunga wa kisiwa hiki wakarudi kukisia, wenye Bi Tatu wao walihesabu kanga, na wasiokuwa naye hawakuhesabu. Mwaka jana binti wa Zuwena alijifungua mjini, nikakaa naye. Nesi akamtandikia shuka la nailoni nyeupe lenye mfuko, limetoka nchi za watu limefungwa kwenye pakiti. Mstari wa njano, mstari mwekundu. Nikatoka nje, nikauma kanga yangu nisipige kelele.

Basi siku ya khitma, wenzangu walipoanza kushuka ngazi, Bi Sharifa aliniita kwa mkono. Nikakaa karibu naye. "Alikuwa akikutaja," aliniambia. "Akinitaja kwa lipi?" "Alisema, Rukia alikuwa na akili, mie nilikuwa na cheti. Na yule mkulima wa mwani, naye alikuwa akimtaja." Nikamuuliza aliwahi kumwambia nani mwengine. Akainamisha kichwa. "Mie tu." Damu ikanichemka upya, na umri huu wote! "Bi Sharifa, mumeo alinivua mbele za watu, akaja kunivika chumbani kwenu." Machozi yakamtoka, naye hana kosa, maskini wa Mungu. "Najua, Rukia. Lakini keshakwenda. Mwachilie, dada yangu. Neno moja tu."

Nilijaribu, wallahi. Nililileta mpaka kwenye meno. "Siwezi," nikamwambia. "Yale arobaini niliyaunga mie. Ile rangi niliiandika mie. Na yale tisa mazuri niliyazika mie, kwa ulimi huu, nikaona raha. Nikimsamehe mumeo, Bi Sharifa, ntabaki na nani wa kumlaumu?" Alinyoosha mkono kwenye sinia, akachukua mkate mmoja wa ufuta, akanifungia kwenye karatasi kama walivyofungiwa wote waliosamehe, nami nikaupokea.